Isale Niliyoipokea Jukwaani

"Pokea! Pokea, mama, usiniharibie onyesho!"

Mwalimu wa maigizo alikuwa amejificha nyuma ya pazia la khanga, ananong'ona kwa sauti ambayo hata wauza nyanya wa soko la Kikatiti waliisikia. Mbele yangu alikuwa amepiga magoti shemeji yangu. Sisemi mwanafunzi mwenzangu aliyemwigiza, aliyejipaka unga kichwani ili aonekane mzee. Nasema shemeji mwenyewe, mdogo wa marehemu mume wangu, aliyenitoa kwenye migomba na kahawa niliyoipanda kwa mikono hii. Ameshika jani la isale, bichi, amelikata muda ule ule. Nikanyoosha mkono, nikalipokea. Watu wakapiga vigelegele.

Kwa asiyejua mambo ya huku mlimani, isale si ua la kupamba sebule. Tunaipanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu kosa zito, unampelekea jani lake. Akilipokea mbele ya watu, yamekwisha, hafungui mdomo tena. Wazee wetu walisameheana hata damu kwa jani hilo. Mimi nikasamehe shamba langu mbele ya watu waliokuja kununua ndizi.

Nilifikaje kwenye upuuzi ule? Mume wangu alipofariki, shemeji alisema mwanamke aliyezaa mabinti watupu hana cha kurithi. Nikashuka mjini, nikapanga chumba Sombetini, nikawa nafua nguo za watu huku nikisubiri kikao cha ukoo kisikilize shauri langu. Wenzangu wakaniambia kuna chuo cha wananchi kinafundisha ushonaji. Nikaenda.

"Cherehani zote mbovu, mama," karani akasema, hata macho hakuinua kwenye simu yake. "Ila sanaa za maonyesho nafasi zipo."

"Sanaa za maonyesho ndiyo nini?"

"Kuigiza."

Mimi wa darasa la saba, magoti yameanza kulia, nikajiandikisha kuigiza. Nilisema bora cheti kuliko kukaa bure.

Siku ya kwanza tukaambiwa tuwe miti. Watu wazima, tumesimama uwanjani, mikono juu, tunapepea. Mwalimu akapita na skafu yake shingoni, jua la saa saba hilo, akasimama mbele yangu akatikisa kichwa. "Mti wako hauna ukweli, mama." Mimi niliyepanda mikahawa mpaka kucha zikang'oka! Siku nyingine akasema sijui kupumua. Nimejifungua mabinti watatu, sijui kupumua. Binti mmoja wa darasani akaninong'oneza, "Vumilia, mama, labda kesho tutakuwa mawe, tutapumzika."

Kanuni moja aliirudia kila asubuhi kama sala: mwenzako akikupa kitu jukwaani, kipokee. Akikupa fimbo, pokea. Akikupa mtoto wa kufikirika, pokea, mbembeleze. Ukikataa, umeua mchezo. Tukafanya mazoezi mpaka mkono ukawa unainuka wenyewe.

Kisha akasema tuchote kwenye vidonda vyetu. Nikasimulia changu. Akalia, akajifuta kwa skafu. Kesho yake kidonda changu kilikuwa kimeshachapwa, kimekuwa mchezo wa mahafali, na mimi ndiye mjane.

"Tutauonyesha Kikatiti," akasema. "Wafadhili wanataka vijijini."

"Mwalimu, Kikatiti ndiko kwa shemeji yangu."

"Safi kabisa! Tutapata hadhira halisi."

"Mwalimu, kule mambo hayo si ya kuchezea."

"Sanaa haimshtaki mtu, mama. Tulia."

Siku ya onyesho, katikati ya mchezo, akausimamisha kwa kipaza sauti. Ndiyo mtindo wake: watu wapande wenyewe wautengeneze mwisho. "Nani ana suluhisho?" Ndipo shemeji akainuka, akafunga vifungo vya koti, akaenda kwenye uzio nyuma ya duka, akakata isale. Akaja anatokwa machozi. Machozi kama yale hatukufundishwa chuoni. "Shemeji," akasema, "nimekukosea. Nisamehe."

Nyuma ya pazia, pokea, pokea. Mkono ukainuka kama ulivyofundishwa.

Kikao cha ukoo kilipofika, mzee mmoja aliniuliza, "Isale uliipokea?"

"Shikamoo baba. Niliipokea, lakini yalikuwa maigizo."

"Marahaba. Jani lilikuwa la karatasi?"

"Hapana, baba."

"Aliyekupa alikuwa anaigiza mtu mwingine?"

"Hapana."

"Basi, mwanangu, unataka nini tena?"

Mtu akasema kwa nyuma, "Mwacheni msanii akapumzike!" Wakacheka wote. Shemeji hakucheka. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyesamehewa. Huyo ndiye aliyestahili cheti.

Nikaenda Njiro kwa mwalimu, nikagonga geti mpaka akatoka na kaptula. Nikamwomba aje tu awaambie wazee kwamba ni yeye aliyeniamuru. Akanishika bega. "Mama, siku ile ulikuwa mkweli kuliko siku zote. Siwezi kuingilia mila za watu." Mila za watu! Picha yangu na lile jani ameibandika kwenye korido ya chuo, chini yake maandishi makubwa: Sanaa Inaponya. Aliyepona ni shemeji. Mwaka huu kahawa yangu imemzalia vizuri.

Nimewarudia wazee, wameniambia kitu kimoja tu. Yule aliyesema "pokea" akija mwenyewe, akatamka mbele yao kwamba mkono ule ulikuwa wa mchezo wake, jani litarudishwa uzioni na shauri litasikilizwa upya. Hawataki karatasi. Wanataka mdomo wake.

Kwa hiyo wewe, mwalimu wa skafu, ukoo unakaa tena baada ya mavuno. Kikatiti unapajua, ulipachagua mwenyewe. Hutahitaji pazia wala kipaza sauti. Simama pale niliposimama mimi, wazee wakutazame usoni, ujibu: nani alisema pokea? Ulitufundisha kwamba mtu akipewa kitu jukwaani asikatae. Haya, mimi nimekupa swali. Lipokee.