Mashimo ya Baba

Jirani yangu hapa Makole ameletewa samadi ya mbuzi kwa ajili ya maua yake, na mvua ya jana ikainyeshea. Leo asubuhi nilipofungua dirisha, harufu iliingia mpaka jikoni. Mwingine angeziba pua. Mimi nilishikwa na hasira, hasira ileile ya msichana wa darasa la nne kule Hombolo, aliyebeba ndoo ya samadi kichwani kuipeleka kwenye mashimo ambayo hayakupandwa kitu.

Baba alikuwa na nia ya kuwa na shamba la zabibu. Nia hakupungukiwa nayo hata siku moja. Kila kiangazi, udongo ukiwa mgumu kama tofali, alishika sululu akachimba mashimo nyuma ya nyumba, kwa mistari aliyoinyoosha kwa kamba, na mimi na kaka yangu Mika tukayatilia samadi. Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya Bibi, mama yake mzazi, tuliyekuwa tukiishi naye. Tangu ujana wake Bibi alikuwa kibarua, akichuma zabibu za watu. Baba alituapia kwamba mama yake hatakufa kabla hajachuma za kwake. Niliamini, na mwaka wa kwanza ndoo ile sikuiona nzito.

Mvua zilipofika, Baba alisema anasubiri nguzo za kutambazia mizabibu. Mwaka uliofuata nguzo zilikuwepo, waya haukuwepo. Mwaka mwingine hakuridhika na aina ya mbegu. Mashimo yalijaa maji, yakajaa mchanga, mbuzi wa jirani akatumbukia akavunjika mguu, na kiangazi kilipokuja tukachimba palepale. Nikimuuliza, alinijibu bila kukasirika, "Haraka haraka haina baraka, mama." Bibi, akipepeta uwele wake bila kuinua macho, alimalizia, "Na ngojangoja huumiza matumbo." Baba alijifanya hakusikia.

Kilichoniudhi zaidi ni kwamba pingili za kupanda hazikuwa kitu cha kuhangaikia. Wenye mashamba wakipogoa mizabibu yao, matawi yanayokatwa hutupwa, na akina mama huyaokota kuwashia moto. Basi mwaka mmoja, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, Bibi alirudi kibaruani na mzigo wa matawi kichwani. Hakuutua jikoni. Aliuweka kivulini, akaufunika kwa gunia alilolilowesha, akaniambia, "Chukua ndoo, twende."

Baba alikuwa ameenda mjini. Tulipanda mstari mzima, pingili moja kila shimo, Bibi akishindilia udongo kwa kisigino. Nilimkumbusha kuwa waya bado.

"Mzabibu hautambai siku ya kwanza," alisema. "Wewe mwenyewe ulizaliwa kabla ya kununuliwa viatu."

Sijawahi kuona mtu mzima akifurahi namna ile kwa kazi ya matope. Alikuwa akiimba kwa Kigogo, akisahau maneno na kuyapachika mengine.

Baba aliporudi alisimama kwenye mstari wetu muda mrefu. Hakufoka, afadhali angefoka. Alisema hatukuchagua pingili, hatujui ni za aina gani, na zikikauka watu watatucheka. Kisha akainama, akazing'oa moja baada ya nyingine, kwa upole kabisa, akaziegemeza ukutani. "Tutazipanda vizuri mwakani, mama," alimwambia Bibi. Mimi nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Pingili zilipokauka, Bibi alizipikia ugali.

Alifariki nikiwa kidato cha pili. Msimu wake wa mwisho alikuwa bado anachuma za watu.

Kwa miaka mingi nilimwita Baba mvivu, moyoni tu, maana mdomoni nisingethubutu. Ni shangazi, dada yake Baba, aliyekuja kunisimulia kwamba kabla hajaoa, Baba aliwahi kupanda mizabibu, ikanyauka yote kwa ukame, na vijana wenzake wakamtania kilabuni hadi akaacha kwenda huko. Ndipo nikaelewa kwamba nilikosea jina. Mvivu hachimbi ardhi ya Hombolo kwa sululu, kiangazi baada ya kiangazi. Baba alifanya kazi ngumu yote, akaiacha ile nyepesi ya kuchomeka kijiti ardhini, kwa kuwa kijiti kinaweza kukauka mbele ya watu na shimo haliwezi.

Kwa hiyo namwelewa. Lakini nikikumbuka vidole vya Bibi, na madoa ya zabibu za watu ambayo hata siku tuliyomwosha kwa maziko hayakutoka, kumwelewa Baba hakunisaidii kitu.