Maji ya Mchele Kichwani

Mkasa huu nausimulia mwenyewe, kwa sababu nikiwaachia wavulana wa darasa letu mtasikia kwamba nilikuwa na chawa wakubwa kama kunguni, tena wa buluu. Buluu ilikuwepo, sikatai. Aibu nayo ilikuwepo, mbele ya shule nzima, chini ya bendera. Chawa hawakuwepo.

Chanzo ni Mwalimu Mkuu wetu, Mwalimu Kibwana, aliyetuambia darasani kwamba nywele zetu za kipilipili zimeumbwa zikome masikioni, kwa hiyo msichana anayezifuga anamaliza mafuta ya nazi bure, heri anyoe. (Yeye ana upara, sijui ujuzi huo aliupata wapi.) Mimi nikasema moyoni, utaona. Mwaka mzima nikazilea kama mwana mchanga: sizichani zikiwa kavu, nazipaka mafuta kila Ijumaa, nazifunga kwa uzi mweusi zivutike, na mama akishika mkasi nakimbilia kwa bibi. Shuleni ruhusa ilikuwepo, mradi ziwe zimesukwa na safi. Ukikutwa na chawa, wembe.

Basi siku moja nimekwenda kununua uzi Kibiti, kwenye duka la Mhindi mmoja ambaye mkewe, Mama Nargisi, ana msuko unaofika kiunoni. Nikamuuliza siri yake. Akanishika kichwa, akasema nywele zangu ni nzito kuliko zake, zina njaa tu. Nichemshe mchele, yale maji meupe yakipoa nijimwagie, nikae kidogo, halafu nisuuze. "Suuza sana, binti," aliniambia mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nautazama msuko wake.

Hapo ndipo akili yangu ya mtu wa bonde iliponiponza. Tangu utoto naona mto Rufiji ukifurika, maji yanatuama shambani, yanakauka yenyewe, yanaacha tope, na mpunga wa kwenye tope hilo unakupita kimo. Nani aliwahi kusuuza shamba? Nikachemsha mchele mpaka maji yakawa uji, nikajimwagia kichwa kizima, nikajifunga kanga, na sikusuuza hata tone.

Asubuhi kichwa kilikuwa kigumu kama kofia iliyopigwa kanji. Nilipokisugua, ule uji ukameguka vipande vidogo vyeupe vilivyong'ang'ania kila unywele, nami nikafurahi (ndiyo, nilifurahi), nikidhani chakula kinaingia. Nikasuka misuko minne, nikaenda shule.

Kumbe Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya, alikuwa anakuja Alhamisi, na Mwalimu Kibwana, kwa kuwa hakutaka mgeni wake akute watoto wanajikuna, alikuwa amemwita dresa wa zahanati atukague. Tukapangwa mstari. Dresa akawa anapita na kijiti chake, anafunua nywele, anasonga mbele, mpaka akafika kwangu. Akafunua. Akafunua tena. Akamwita Mwalimu.

"Mayai," alisema. "Kichwa kizima."

Mstari wote ukanihama kwa hatua moja. Athumani, ninayekaa naye benchi moja, akaanza kujikuna papo hapo, na mkuno ule ukasafiri mtu kwa mtu mpaka Mwalimu mwenyewe akajikuta anapapasa upara. Kisha akaagiza wembe, wala hakuwa na huzuni hata chembe.

Nikaambiwa nipige magoti. Nikasema si mayai, ni mchele, na shule nzima ikacheka, na Mwalimu akanionya nisiongeze uongo juu ya uchafu. Wembe ukaja. Mwaka wangu wote ulikuwa kwenye kile kichwa, lakini nikakumbuka kwamba mwezi uliopita Mwalimu huyuhuyu alitufundisha kuwa chakula chenye wanga ukikidondoshea aidini kinageuka buluu. Alitufanyia kwa muhogo na wali tukaona kwa macho yetu. Na aidini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, ilikuwa ndani ya mkoba wa dresa.

"Nitie aidini, Bwana Dresa," nikasema. "Isipogeuka, ninyoeni mpaka nyusi."

Dresa akamtazama Mwalimu. Mwalimu angekataaje somo lake mwenyewe mbele ya watoto wote wale? Likadondoshwa tone moja, na pale pale pakawa buluu.

Hapo ningenyamaza, yangeishia hapo. Lakini mdomo wangu mnaujua. Nikasema waliosimama nyuma hawajaona, aongeze. Akaongeza, na kwa kuwa nilikuwa natoka jasho kama mtwangaji, ule uji ukalainika, ukanitiririkia buluu tupu kwenye paji la uso, masikioni, na kwenye kola ya gauni jeupe ambalo mama alilifua jana yake.

"Mwalimu," dresa akasema, "huyu hana chawa. Huyu ni chungu cha wali."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu hakucheka. Akaufungua msuko mmoja kwa mkono wake ahakikishe, akauvuta. Ukaja. Akavuta tena, ukazidi kuja, ukapita sikio, ukapita shingo, ukalala begani. Akabaki ameushika.

Nikamuuliza kwa adabu zote, nikiwa bado nimepiga magoti: "Zimekoma wapi, Mwalimu?"

Akaziachia, zikajikunja kurudi juu na kumrushia tone la buluu kwenye shati. Akautia wembe mfukoni, akatuambia twende madarasani.

Wiki nzima niliitwa Wino, na siku ya Bwana Shauri nilikalishwa benchi la mwisho nisionekane. Nikakaa, tena nimenyoosha shingo. Siku hizi nasuuza mara tatu, na hilo la kutosuuza ndilo kosa pekee ninaloliungama. Kunyoa sinyoi. Zinaelekea mgongoni sasa, na Mwalimu akipita nyuma ya benchi langu hutazama dirishani.