Wati Elfu Tatu za Gachau

Kaleli amefunga muziki kwenye magari ya Makongeni tangu ujana wake, na hakuna kitu anachodharau kama namba zinazochapwa juu ya amplifaya. Namba, husema, unaweza kuchapa hata kwenye kiberiti.

Gachau alipoleta Probox yake akitaka wati elfu tatu, Kaleli alifunika amplifaya mbili kwa gunia, akamchezea wimbo mmoja kwa zote. Gachau alichagua ya pili papo hapo. Ya kwanza, alisema, ilikuwa inakoroma kama mzee mwenye mafua. Gunia likatolewa. Ile ya kukoroma ilikuwa imeandikwa elfu tatu, na hiyo tamu mia tatu.

"Ai, fundi! Mia tatu? Nitaambia watu nini?" Gachau alilia. "Nifungie hii tamu, lakini ubandike namba ya ile ingine."

Kaleli alimtazama kama mtu aliyevaa suruali nyuma mbele, akasonya, akabandika.

Jumapili Kaleli alimkuta Gachau mtaani Witeithie kando ya barabara, buti ya gari wazi, watu wamemzunguka. Muziki ulikuwa umezimwa, ili Gachau asikike vizuri akiwasomea namba.