Diski Isiyofungwa

Kaka yangu ana masikio ya ajabu na akili ya kuudhi, na vyote viwili alizaliwa navyo. Mtaani wanamwita Fundi Rudia. Ukienda studio kwake kurekodi, hata uimbe vipi, atafumba macho, atainua kidole na kusema, "Nzuri sana. Hebu rudia." Kuna mwimbaji mmoja wa besi, baba wa watoto watano, alirudishwa mstari mmoja mara thelathini na moja akaenda kulia chooni. Wifi yangu, mkewe huyo fundi, husema mtoto wao wa kwanza alipozaliwa na kutoa kilio, kaka alitaka mkunga amrudishe ndani aanze upya.

Studio yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la fotokopi. Ukutani amebandika trei za mayai na mazulia makuukuu. Saa hataki, eti inagonga. Jirani ana friji ya soda, na kila kaka akianza kazi anakwenda kuichomoa mwenyewe. Ugomvi wao huo una umri wa mtu mzima. Na juu ya meza, chini ya kitambaa cheupe, ipo ile aliyoitunza kuliko nguo zake: mashine ya studio ya kurekodia CD, chuma kitupu, yenye taa mbili ndefu zinazopanda na kushuka kwa kadiri ya sauti.

Mashine hizi zina tabia moja. Ukimaliza kurekodi lazima uifunge diski: unabonyeza kitufe, unasubiri dakika nne, mashine inaandika orodha ya nyimbo zilizomo. Diski iliyofungwa inapigika popote, hata kwenye redio ya kinyozi. Isiyofungwa, mashine nyingine zinaiona tupu. Inasomwa na ile tu iliyoirekodi. Na ukishafunga umefunga, huongezi wala hubadilishi. Ndiyo maana kaka alikuwa hafungi mpaka roho yake iridhike, na roho yake, jamani, si ya kuridhika leo wala kesho.

Mimi nilikuwa naimba. Sijisifu, maana sina tena cha kujisifia. Miaka kumi na mmoja iliyopita nilimwimbia nyimbo tatu. Kwenye ya tatu akasikia pumzi yangu kabla ya neno la mwisho. "Njoo wiki ijayo turudie hiyo moja tu, ndipo nifunge," akasema. Nikamwambia afunge, ngoja ngoja huumiza matumbo. Akanijibu kuwa haraka haraka haina baraka. Tungeweza kushindana kwa methali mpaka jua litue, na diski ikabaki wazi.

Wiki iliyofuata nikaamka na homa. Baadaye ikawa uvimbe shingoni, baadaye kitanda cha hospitali. Uvimbe waliutoa wote, nashukuru, lakini mshipa unaoendesha sauti uliguswa. Nilipozinduka nikamwita muuguzi, ikatoka pumzi. Mpaka leo inatoka pumzi. Nanong'ona kama msengenyaji, hata nikiomba chumvi.

Binti yangu alizaliwa miaka miwili baada ya hapo. Ana miaka tisa na hajawahi kunisikia. Amezoea kuniangalia mdomoni nikisema naye. Mwaka huu akaniuliza, "Mama, zamani ulikuwa na sauti gani? Nene au nyembamba?" Sauti yangu yote iliyobaki duniani ilikuwa kwenye diski ile isiyofungwa, ndani ya bahasha, kwenye droo ya kaka, na mashine iliyoirekodi ilikuwa imekufa mwaka wa nne huo.

Nikamwendea. "Nitolee sauti yangu mtoto aisikie," nikamwambia. Hakubisha hata kidogo. Nadhani miaka yote alikuwa anangoja niseme. Alihangaika wiki tano. Jicho la ndani linalosoma diski lilikuwa limechoka, na viwanda vimeacha kuyatengeneza. Akapata mashine ya namna ile ile iliyokufa kwa ugonjwa mwingine, akang'oa jicho lake, akalipandikiza kwenye ya kwake. Hilo nalo kuukuu. Diski yenyewe ilikuwa imeanza kufifia.

"Sikudanganyi," akaniambia. "Ikisoma, itasoma mara moja tu. Ikipiga, sauti itakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Tukishaipata huko, tumepona."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Duka la fotokopi limefungwa, friji imechomolewa. Kaka kavaa hedifoni, mimi nipo kwenye kochi ng'ambo ya meza, mikono nimeibana magotini. Akatia diski. Mashine ikakoroma, ikasita, ikakoroma tena. Kioo chake kikaandika: nyimbo tatu.

Nilijishika mdomo. Sauti ilikuwa inakwenda kwenye kompyuta na masikioni mwake tu, mimi sikusikia kitu, lakini nilizitazama zile taa zikipanda na kushuka, na nilijua kila mahali: hapa navuta, hapa nashuka, hapa napumua. Machozi yakamtoka kaka, hakuyafuta. Wimbo wa kwanza ukaisha salama, wa pili ukaanza. Kufika kwenye kiitikio, pale nilipokuwa napaza, taa ya juu kabisa ikawaka nyekundu. Ikawaka tena. Kaka akafumba macho, akainua kidole.

Namjua ndugu yangu! Nyekundu ni kwamba sauti imezidi kipimo na itakwaruza kidogo. Mtu mwenye akili zake angeiacha ikwaruze mpaka ichoke. Nikapiga kelele, "Acha! Usiguse!" Nasema nimepiga kelele, lakini ilitoka pumzi, naye ana hedifoni. Nikaruka nyaya, nikaangusha kiti, nikamkamata mkono. Alikuwa ameshabonyeza.

"Nimeisimamisha tu," akasema huku akivua hedifoni. "Nipunguze kidogo, tuanze mwanzo, itoke safi."

Akabonyeza kuanza. Mashine ikakoroma, ikasita. Kioo kikaandika kwamba hakuna diski ndani.

Alijaribu mpaka saa tisa alasiri. Aliisafisha diski, akalipasha jicho joto kwa taa, akaipiga mashine kofi, akamwomba Mungu. Hakuna diski. Nami nilimtukana matusi yote ninayoyajua, na yeye akawa anainama ili ayasikie vizuri. Hilo liliniudhi kuliko yote. "Mtaka yote hukosa yote!" nikamwambia. "Ndiyo," akasema. "Ndiyo, mdogo wangu."

Jumanne akaja kwangu na kilichopatikana: wimbo mmoja na nusu. Alikuwa amekonda kwa siku tatu tu. Akakiri kwamba ule mkwaruzo hausikiki, hata yeye na masikio yake amesikiliza mara mia na hausikii. Alisema hivyo akiangalia sakafu. Huruma nilimwonea baadaye, si siku ile.

Tukamwita binti, akaketi kati yetu. Kaka akabonyeza, na kabla ya wimbo ikatoka sauti ya mwanamke, nene, kali, yenye kicheko ndani yake: "We kaka, una wazimu? Nina njaa tangu asubuhi! Ukinirudisha tena nakutupia hiki kiatu, na ninalenga hayo hayo masikio!" Akacheka. Kisha akaimba.

Nilikuwa nakumbuka jinsi nilivyoimba. Jinsi nilivyogomba nilikuwa nimesahau kabisa.

Mtoto aliusikiliza wimbo kwa adabu, kama anavyosikiliza nyimbo za redioni. Wa pili ulipokatika katikati ya kiitikio, akauliza, "Mjomba, yule aliyekuwa anakugombeza mwanzoni ni nani?"

"Mama yako."

Akaniangalia mdomoni. Akacheka, akidhani anataniwa. "Haya, mama, mgombeze mjomba kama yeye."

Na sababu nilikuwa nayo, Mungu anajua. Hasira ya miaka kumi na mmoja na siku tatu ilikuwa imenijaa mpaka kooni. Nikamgeukia kaka, nikavuta pumzi, nikafungua kinywa. Mtoto akasubiri. Alisubiri kwa heshima, kwa muda ambao mtu mzima asingevumilia. Halafu akasogea kwenye spika, akaiwekea shavu.

"Mjomba," akasema, "muweke tena yule."