Matundu Kumi na Mawili

Mafundi wengine hujisifia kuta zilizonyooka. Huyu wetu alijisifia matundu. Kila ukuta aliojenga kwa miaka ishirini na sita una matundu madogo juu kidogo ya msingi, kila moja linaingia kidole cha mwisho, na kwa sababu hiyo watu walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Fundi Matundu, basi. Hata watoto wake wakiulizwa shuleni baba yao anaitwa nani, walisita kwanza.

Ukimuuliza matundu ni ya nini, umejitakia mwenyewe. Aliweka mwiko chini, akavuta matofali mawili, moja ukalie wewe na jingine yeye, akaanza. Tofali, alisema, linakunywa maji kama mtoto aliyetoka kucheza. Ndiyo maana yeye hujenga ukuta wa safu mbili, ya nje na ya ndani, na katikati huacha nafasi ya vidole vitatu. Maji yakishapenya safu ya nje huteremka kwenye hiyo nafasi, huko chini yanakuta bati jembamba alilolilaza kwa mteremko, na bati linayapeleka nje kupitia matundu. "Mvua huwezi kuikataza isiingie," alipenda kumalizia. "Wewe ionyeshe tu pa kutokea." Hapo alinyamaza akisubiri sifa. Usipomsifu, alianza upya.

Mtu huyu aliyekausha nyumba za watu wote alitolewa jasho na chumba kimoja, tena cha nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Kilikuwa chumba cha mama mkwe, alichomjengea alipokuja kuishi nao.

Mama mkwe alikuwa muuguzi mstaafu, miaka thelathini na miwili wodini, kumi ya mwisho akiwa matroni. Alikuwa na sauti ya chini ambayo watu waliitii kabla hawajaielewa. Alipokubali kuja kuishi nao, mke wa fundi alianza kuimba jikoni, jambo ambalo hakulifanya tangu kifungua mimba wao azaliwe. Fundi mwenyewe alifiwa na mama yake akiwa na miaka sita. Huyu mama alimwita "mwanangu" bila kujilazimisha, na kila alipoitwa hivyo, fundi alijifanya anatafuta kitu mfukoni. Hakutaka makubwa. Alitaka mama akae, asiondoke.

Mwaka wa kwanza ulipita salama, kwa kuwa mwaka wenyewe ulikuwa mkavu. Mvua ilipokuja, ilikuja kwa hasira, na siku ya tatu alama ya maji ikajitokeza ukutani, palepale kwenye kichwa cha kitanda cha mama mkwe.

Matroni hakupiga kelele. Alichukua penseli, akachora mstari juu ya ile alama, akaandika tarehe na saa. Kesho yake akachora mwingine. Siku ya tano alihamishia yote kwenye karatasi yenye mistari iliyonyooka, kama ile inayoning'inizwa miguuni pa kitanda cha mgonjwa, akamkabidhi binti yake. "Mpe mumeo. Mwambie mgonjwa anapandisha homa."

Fundi aliisoma karatasi akiwa uani. Kuingia chumbani kwa mama mkwe akauone ukuta kwa macho yake lilikuwa jambo asiloliweza hata kidogo. Heshima ilimshika shingo mlangoni. Kwa hiyo alizunguka nyuma, akachuchumaa kwenye matundu yake, na alichokiona kilimpa raha ya ajabu. Matundu yote kumi na mawili yalikuwa yamezibwa! Pamba ndani, saruji kidogo juu, na kila moja limelainishwa vizuri kwa kidole.

"Mama watoto," alinong'ona, uso unamng'aa. "Hebu kamuulize mama. Taratibu lakini. Usiseme nimeuliza mimi."

Mke alikwenda, akarudi amebana kicheko. "Anasema ni yeye. Anasema aliona vidonda kumi na viwili viko wazi na sisimizi wanaingia na kutoka. Saruji aliikorogea kwenye kikombe. Anasema ulipaswa kumshukuru."

"Mshukuru kwa niaba yangu," alisema fundi. "Halafu mwambie tunafungua bendeji."

Alichomoa pamba zote kwa sindano ya kufumia, akichekelea moyoni kwa furaha, maana kosa halikuwa lake, na mwenye kosa ni mtu asiyeweza kulaumiwa. Jioni mvua ilinyesha. Matundu tisa yalitoa maji kama yalivyofundishwa. Matatu hayakutoa hata tone. Yalikuwa yaleyale matatu ya nyuma ya kitanda, na asubuhi mstari wa penseli ulikuwa umepanda vidole viwili, na kitanda kimesogezwa katikati ya chumba.

Siku hiyohiyo akaja mwanyumba wake, yaani mume wa mdogo wa mkewe, muuza rangi, mtu mwenye viatu vyeupe siku ya tope. Hawa wawili walikuwa hawaivi. Mwaka mzima fundi alimwambia kila aliyetaka kusikia na asiyetaka kwamba huyu bwana alikuja siku ya kujenga chumba hicho, akaazima timazi yake ya shaba, ile ya kupimia unyoofu wa ukuta, na hakuirudisha.

"Mama, njoo tu kwangu," alisema mwanyumba kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Kuta zangu nimezipaka rangi isiyopitisha maji. Huku utaota kuvu."

 Mchana ule begi la mama mkwe, lile la bluu, lilionekana limesimama mlangoni, limefungwa zipu. Jikoni nyimbo zikakoma. Fundi alilitazama lile begi akahisi ana miaka sita tena, na hapo akachukua nyundo na patasi.

Alipofika ukutani, mama mkwe alikuwa ameshaleta kigoda chake. Alikiweka nyuma ya fundi, hatua nne hivi, akaketi kufuatilia matibabu. Mke alisimama pembeni. Mwanyumba alijitafutia pakavu.

Fundi akachuchumaa kiupandeupande, kama kaa. Patasi haikufika. Akapiga magoti, akajipinda, akanyoosha mkono mmoja nyuma ya shavu lake mwenyewe. Alichukua karibu saa nzima kutoa tofali moja ambalo kwa kawaida hulitoa kwa muda wa kupiga chafya. Lilipotoka, nyuma yake hapakuwa na nafasi ya vidole vitatu wala kimoja. Palikuwa na bonge la saruji iliyoganda, kubwa kama mkate, limekalia bati lake na kuvusha maji moja kwa moja hadi safu ya ndani. Na katikati ya bonge, ncha nje, palikuwa na timazi ya shaba.

Mwanyumba aliinama, akaitazama kwa utulivu wa mtu aliyesubiri mwaka mzima. "Hii siyo ile niliyoiba?"



"Mwanangu," alisema mama mkwe, "imekuwaje saruji yote hiyo ikadondokea ndani? Wewe si ndiye unayewahubiria watu kila siku?"

Angeweza kusingizia vibarua. Alilikumbuka begi la bluu, akaamua kusema.

"Mama, ukishapanga kila safu unatakiwa uiname, uingize fimbo, uzoe zilizodondoka kabla hazijakauka. Mimi huinama. Miaka yote nimeinama." Alifuta jasho. "Siku ile ulikuwa umeketi hapohapo ulipo. Nyuma yangu. Na kigoda hichohicho. Ningeinamaje, mama? Hata kamba ya timazi ilipokatika sikuweza kuifuata. Nikajisemea nitasafisha ukiondoka. Hukuondoka."

 Matroni akaanza kucheka, kwanza mabegani, halafu mwili mzima, mpaka akajishikilia kwenye kigoda.

"Mwanangu! Miaka thelathini na miwili nimechoma watu sindano. Unajua nimeona makalio mangapi mimi? Ya maaskari, ya walimu wakuu, ya mawaziri. Hakuna hata moja lililoniua."

"Lakini mimi ni mkweo, mama," alisema fundi kwa sauti ndogo.

Alipomsikia hivyo, mama mkwe aliacha kucheka. Akamwangalia kwa muda, akasimama, akageuza kigoda, akaketi tena akiwa amempa mgongo, uso kwenye ua.

"Haya," alisema. "Inama ufanye kazi."

Fundi akainama. Aliinama vizuri, kama fundi, akatoa matofali mengine manne, akavunja bonge lote, akafuta bati lake kwa kitambaa mpaka likang'aa. Mwanyumba, ambaye hakuombwa, alishika ndoo. Fundi akamwomba radhi kuhusu timazi, akiwa bado ameinama, maana kwa namna hiyo ilikuwa rahisi zaidi.

Mvua ilipiga siku mbili baadaye. Mama mkwe alitoka na mwavuli, akasimama mbele ya ukuta akihesabu kwa kidole. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Akasubiri kidogo. Kumi na mbili. Akarudi ndani na penseli yake, na baada ya muda fundi alimsikia akimwita binti yake alitoe lile begi mlangoni, kisha aje wasaidiane kukirudisha kitanda ukutani.