Kinga Yangu Ilizidi Bidii

Kwetu, mtaa wa Sakina, huugui bila kwanza kunywa jagi la baba mdogo. Mle ndani mna tangawizi, kitunguu saumu, malimao, mlonge na majani fulani anayoyachuma mwenyewe msituni Olmotonyi, ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza jina. "Ongeza kinga," husema, kama anahutubia mkutano wa kijiji. Elimu hiyo aliipata kwenye simu.

Kwa hiyo koo liliponiuma mpaka nikawa nameza mate nimefumba macho, sikupelekwa hospitali. Nilipewa jagi. Mimi nina aibu sana, na kukauka sauti hakukuwa msiba: Fomu Tatu hakuna aliyeniita nijibu swali. Koo likapoa lenyewe. Baba mdogo akajisifu hadi kanisani.

Wiki chache baadaye goti likavimba. Maumivu yakahamia goti la pili, kisha kifundo cha mguu, kama mpangaji anayekagua vyumba. "Anakua huyo," akasema baba mdogo, akazidisha mlonge. Mama, aliyekuwa akinyamaza kwa sababu jagi ni la shemeji yake, safari hii akanishika mkono twende hospitali. Baba mdogo akaendesha gari, asije akakosa kusikia akipongezwa.

Daktari, mama wa makamo, alinisikiliza moyo, akarudia tena, akakaa hapo muda mrefu.

"Koo liliuma kabla ya haya?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Vijidudu vya koo vilishaondoka. Anayekupiga sasa ni kinga yako mwenyewe."

Baba mdogo alitabasamu kusikia neno lake, kisha tabasamu likamkwama.

"Umeshaona mgambo wakifukuza wamachinga sokoni?" daktari akaniuliza. "Kuna wanaosambaza sura ya mtuhumiwa, ndiyo kingamwili. Kuna wanaokwenda wenyewe na virungu, ndizo seli za kinga. Sasa machinga kashakimbia, ila shati lake linafanana na la mwenye duka. Wanampiga mwenye duka. Kwako wameanza na magoti, na kwenye milango ya moyo wameshabisha hodi."

"Kuna dawa ya kuishusha hiyo kinga?" akauliza baba mdogo, mpole kuliko nilivyowahi kumwona.

"Tunamzuia machinga asirudi. Sindano ya penisilini kila mwezi, kwa miaka. Binti akiruka sindano, koo likaugua tena, moyo utaharibika."

Mwezi uliofuata magoti yalikuwa yamepona. Asubuhi ya sindano nikamkuta baba mdogo mezani na jagi.

"Mwanangu, umeshapona, sindano ya nini? Kunywa hii, twende Kisongo tukaangalie ndege zikitua."

Alinipata pabaya. Sindano ile huchomwa takoni, na muuguzi wa zamu ni kijana anayeimba besi kwenye kwaya yetu. Nikashika glasi. Kule kumfikiria tu yule kijana, moyo ukaanza kunienda mbio, na hapo nikakumbuka ndio huohuo tunaouhangaikia.

"Baba mdogo, washa gari."

Akanitazama kama vile ni meza iliyoongea. Akainywa ile glasi yeye, akachukua funguo.

Jumapili, mazoezini, yule wa besi akanivutia kiti.

"Kalia upande wa kulia," akasema kwa wema kabisa. "Kushoto si bado kunauma?"

Soprano wote wakageuka.