Mama Aliyefunika Kinywa cha Mtoto

Siku yangu ya kwanza ya kazi ku kilo, ndivyo tulivyoita nyumba ya kupimia watoto katika kambi ya wafanyakazi, Élisabethville, niliona haya hata kusalimia. Masera Mkubwa, mtawa aliyetuongoza, alinipa kipimajoto cha kioo pamoja na onyo.

"Mama akisema homa ni ya meno, usimwamini. Meno yanaleta udenda na kilio. Hayaleti moto mkali. Tafuta malaria, tafuta sikio, tafuta kifua."

Basi nikajifunza kuwashuku akina mama. Nao walitushuku sisi, kwa sababu tulivua watoto wenye homa nguo nzito na kuwafuta kwa maji ya uvuguvugu.

"Munataka baridi ibaue?"

Asubuhi moja Mama Mwansa alileta mwanawe, mwili unawaka.

"Ni meno tu. Munipe dawa, niende."

"Fungula kinywa chake, tuone," nikamwambia.

Akakifunika kwa kiganja. Wanawake kwenye benchi wakaanza:

"Iko naficha nini?"

"Alimunywesha mizizi, huyu!"

Masera naye akadhani ni sumu. "Sema ulimpa nini, au ondoka naye!"

Mama Mwansa akaanza kumfunga mtoto mgongoni. Akiondoka, mtoto atakufa, hilo nililiona. Nikamvuta nyuma ya pazia, tukabaki wawili. Hapo akaondoa kiganja. Meno mawili yalikuwa yameota juu. Ufizi wa chini ulikuwa mtupu.

"Ni chinkula," akanong'ona. Ndiye mtoto anayeota meno ya juu kwanza, ambaye watu husema analetea jamaa zake kifo. "Mama mukwe akijua, atamutupa. Usiseme, yaya." Ndivyo alivyoniita, dada mkubwa.

Nilimwambia Masera kwamba hakuna sumu, basi. Akamtoboa mtoto kisigino, akatazama damu: malaria. Dawa ya kinini ikamponya.

Meno ya chini yalipoota, Mama Mwansa alimfungua mtoto kinywa mbele ya benchi zima.

"Muone, iko yote! Juu na chini!"

Wote wakacheka. Aliponigeukia mimi, niliyejua yapi yalitangulia, kicheko chake kikakatika.

Sasa nimestaafu. Ninyi mnaopima watoto leo, shukuni homa inayoitwa ya meno, lakini watoeni watu nje kabla ya kumwambia mama afungue kinywa cha mwanawe. Yule mama mkwe alikufa kwa uzee wake, na mtoto ana wajukuu. Hata hivyo, Mwansa ni jina nililompa mimi. Lake silisemi.